Mwanga wa Svetlana

Haya yalimpata rafiki yangu Nuru, Mrundi aliyekuwa akitunza wazee katika makao yao huko Evere, ughaibuni. Mmoja wao alikuwa bibi wa Kirusi, Svetlana.

"Mimi na wewe tuna jina moja," alipenda kumwambia. "Svetlana ni mwanga. Padri alilikataa kwa kuwa si la mtakatifu, akanibatiza Fotina, yaani mwanga kwa Kigiriki."

Bibi alipofariki, Desemba 2009, Nuru alitumwa chumbani kwake kuchukua nguo za maziko. Jioni ile umeme ulikuwa umekatika jengo zima. Miguu ikimuuma, aliketi gizani kwenye korido, nje ya mlango wake. Chumbani ndara zikaburuzwa sakafuni.

"Maman Svetlana?" aliita kwa uchovu.

Mwanga ukapenya chini ya mlango. Aliufungua. Chumba kizima kilikuwa kinang'aa, na darini waya ulining'inia bila balbu.