Abiria wa Njia ya Changarawe

Rafiki yangu Fortunata, nesi wa zahanati ya Izia, hana subira na hadithi za mizimu. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na malori yakahamia barabara mpya, njia ya zamani ya changarawe ilibaki ya baiskeli tu. Siku ya chanjo alifunga kasha la barafu mbele, kwenye usukani, maana keria ya nyuma hutikisa chupa. Ng'ambo ya mlima akina mama walikuwa wakisubiri na watoto, na barafu ilikuwa ikiyeyuka.

"Mama nesi, njia ile hata malori yameikimbia," mlinzi, mzee Flavian, alimwonya.

"Yamekimbia mashimo, baba. Niazime pampu."

Chini ya mlima ukungu ulimfunika, mchana ukawa giza. Keria tupu ikalia. Baiskeli ikawa nzito kama imepakia mtu, na pumzi ikasikika mgongoni. Fortunata hakugeuka. Alifikiria barafu, akakasirika.

"Wewe, mlimani abiria hushuka akasukuma," alisema. "Shuka."

Kisha nyayo zikakwaruza changarawe, na baiskeli ikapanda mlima mbio, yeye hata hakanyagi pedali.

Barafu ilifika ngumu. Watoto wote walichanjwa.

Wakati wa kuondoka, Minza, mmoja wa akina mama, alimletea kasha, akasita.

"Nesi, mzigo ninao mimi. Mbona tairi la nyuma limebonyea?"

Fortunata aliliminya. Upepo ulikuwa umejaa. Akafunga kasha, akapanda.

"Mlima ni uleule," alisema bila kugeuka. "Tukifika, utashuka."

Nyuma yake keria ikalia, kama mtu anayejiweka sawa.