Taa Iliyochoka Kungoja

Haya yalimpata shangazi yetu mdogo. Nayasimulia mimi kwa sababu yeye akiulizwa hugeuza mazungumzo. Enzi zile tulimwita Unyoya, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi. Alicheza baleti, ile densi ya kusimama juu ya ncha za vidole mpaka kucha zing'oke, na mtu akiniambia ni mchezo wa watoto waliodekezwa, nitampeleka akaione miguu ya shangazi.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Alifika ukumbini asubuhi, akashona upya kanda za viatu vyake, akanywa chai na mchumba wake. Mchumba alikuwa fundi wa taa. Kazi yake ilikuwa kukaa roshani, nyuma ya taa kubwa, na kumfuata mchezaji mkuu kwa duara la mwanga popote aendapo. Alikuwa hodari, ila alikuwa na kasoro moja: kila Unyoya aliporuka, mkono wa fundi ulishtuka kwa kumhofia, na duara likatetemeka mpaka miguu yake iguse sakafu. Mwalimu wa densi alimgombeza hadi akachoka. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Fundi alikuwa amepata kazi mji mwingine, na mchana huo walikuwa waondoke pamoja wakafunge ndoa. Safari hiyo ilikwishaahirishwa mara nyingi kwa ajili ya Unyoya: ngoja onyesho hili liishe, ngoja goti lipone. Fundi alimtania kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, kisha akangoja. Sasa Mwalimu akamwita Unyoya pembeni, akamwambia kwamba nafasi kubwa, ile aliyoililia tangu utotoni, ni yake akibaki. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuolewa. Alisema jukwaa halikubali ukewenza.

Unyoya alichungulia mlango wa nyuma. Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya saruji, mifuko yao miguuni.

"Nisubiri kidogo," alimwambia.

"Nakusubiri."

Akarudi ndani, akacheza. Muziki ulikuwa juu. Lori lililoleta mbao za kupambia jukwaa likarudi nyuma hadi mlangoni, na dereva hakuona kama pameketi mtu. Wachezaji wenzake walipokuja mbio kumwita, Unyoya alikuwa angali anazunguka, anatabasamu. Tabasamu hilo linamtafuna mpaka leo.

Walimzika fundi. Sote tulidhani Unyoya ataacha densi, lakini alizidi kucheza. Alimwambia bibi yetu, mama yake, kwamba akiacha sasa, yule mtu atakuwa amekufa bure.

Adhuhuri moja umeme ulikatika ukumbini. Wenzake wakatoka nje kupunga upepo, yeye akabaki jukwaani gizani, ananyoosha mgongo. Duara la mwanga likashuka miguuni pake.

Akatazama roshani. Taa ilikuwa imefunikwa turubai. Akasogea, duara likasogea. Akarudi, likarudi. Akaruka.

Likashtuka.

Alipiga magoti akalia, akaweka kiganja sakafuni. Palikuwa na joto. Tangu hapo alisubiri wenzake watoke, akacheza peke yake, kwa furaha. Furaha hiyo ilimtisha bibi kuliko kilio. Ila kila alipomaliza kucheza, duara lilimwacha, likaenda taratibu hadi mlango wa nyuma, likasimama pale, kisha likamrudia, kama mtoto anayemvuta mama nguo. Hakuhitaji kuambiwa maana yake.

"Nisubiri kidogo," alilinong'oneza. "Onyesho liishe."

Onyesho lilikuwa alasiri. Ukumbi ulijaa, bibi akiwa safu ya mbele. Unyoya alicheza siku ile kama mtu asiye na mifupa, na mwanga haukumwacha hata kwa upana wa unywele. Kisha, muziki ulipoanza kupanda kuelekea mruko mkubwa, duara likamtoka. Likavuka jukwaa polepole. Fundi mpya kule roshani alikuwa ameinua mikono yote miwili, hagusi kitu.

Duara likasimama mlangoni. Komeo likajivuta, mlango ukafunguka. Nje palikuwa na ngazi ya saruji, tupu.

Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Bibi peke yake ndiye aliyeuona uso wa mwanawe umegeukia kule, midomo ikisema, nakuja. Alipiga hatua. Akapiga ya pili. Muziki ukafika pale alipopangoja maisha yake yote.

Akageuka. Akaruka gizani.

Duara halikushtuka. Lilibaki mlangoni hadi miguu yake ikagusa sakafu, likasinyaa, likazimika. Mlango ukajifunga bila kishindo.

Mafundi wakawasha taa zote. Wenzake walionekana, pazia lilionekana, hata vumbi lilionekana. Yeye alibaki giza, kivuli kisicho na uso. Wakalaumu nyaya, wakabadilisha taa, wakachoka. Mwalimu akampa nafasi ile mwingine, kwani nani atakaa kumtazama mchezaji asiyeonekana? Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hawakusema kwamba kuna siku yanaponyoka yote.

Siku hizi anaishi na bibi. Mchana, bibi humwekea kiti dirishani amsuke nywele. Jua huingia moja kwa moja. Linakaa juu ya mkono wa kiti, juu ya kikombe, juu ya vidole vya bibi vinavyopapasa kutafuta njia ya nywele. Nimeketi nao mara nyingi nikitazama, na sina maelezo.

"Sogea juani, mwanangu," bibi humwambia.

"Niko juani, mama."