Nati Iliyolegea kwenye Mteremko wa Cutter

Saa nne na dakika kumi asubuhi ya Jumatano, trela la madume wa ng'ombe la Janelle Raines lilikutwa limelala ubavu mtaroni, chini ya mteremko wa Cutter. Pikapu iliyokuwa ikilivuta ilikuwa imesimama kwenye uzio, pua ikitoa moshi. Janelle alikuwa amevunjika mtulinga. Madume watatu walikuwa wazima, wakila shayiri ya watu.

Saa saba mchana, pikapu ilikuwa ndani ya gereji ya Orrin Tveit. Naibu sherifu Marlys Kolstad alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni, na kwenye gari lake nje, siti ya nyuma, alikaa Eloy Archuleta, mfanyakazi wa shamba la Raines.

"Mpaka saa kumi na moja, Orrin," Marlys alisema. "Baada ya hapo nampeleka mjini, naye atalala ndani."

"Kwa kosa gani?"

"Kuharibu breki makusudi. Wiki jana aligombana na Janelle mbele ya watu kuhusu siku za mapumziko. Jumatatu alikuwa peke yake pale shambani na koleo la waya mkononi, wengine wote wako msibani. Sasa na wewe niambie."

Orrin alitazama gari lile nje. Alimjua Eloy. Nyumba anayoishi ni ya shamba. Kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Mkewe, Pilar, alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita. Mtu wa namna hiyo hachezei breki za bosi wake. Lakini kumjua mtu si ushahidi.

"Nani alikwambia kuhusu koleo?"

"Clint Overby, jirani. Alikuja na trekta kutusaidia kuvuta. Saa nne na nusu hivi." Marlys alifungua daftari lake, akasoma. "'Mimi tangu Jumapili sijatoka shambani kwangu, nakata majani. Lakini kagua ule waya wa breki uone, umefungwa bendeji nyekundu ya farasi. Fundi gani huyo?' Habari za koleo anasema alizisikia tu."

Orrin aliingia chini ya pikapu. Waya wa breki ulipita ndani ya bomba jeusi la plastiki, zima kutoka mwanzo hadi mwisho. Alilipasua kwa kisu. Kweli, katikati palikuwa na kiungo kilichozungushiwa bendeji nyekundu.

"Mlete," alisema.

Eloy aliingia na pingu mikononi.

"Bendeji ya farasi, bwana mdogo? Farasi wako anaumwa waya?"

"Tepu ya umeme ilikuwa imekwisha, mzee. Panya walikuwa wameutafuna. Jumatatu saa tisa niliuunga, nikaurudisha ndani ya bomba. Saa tisa na nusu nikaenda kutazama uzio wa juu."

"Ungekuja kununua tepu kwangu."

"Ungenisimulia habari za goti lako mpaka jioni."

Marlys alikohoa ili asicheke.

Orrin alichomeka taa kubwa ya mbele ya lori kwenye plagi ya trela ili waya ubebe mzigo wa kweli, akapima kiungo cha Eloy. Hakikupoteza umeme wowote. Kibaya kwa macho, kizuri kwa umeme.

Kisha akampigia Janelle hospitalini.

"Nieleze, dada. Ulipokanyaga breki, dashibodi ilisema nini?"

"Iliandika umeme mdogo kwenye breki za trela," Janelle alijibu, sauti nzito ya dawa. "Nikiachia, maandishi yanapotea. Nikikanyaga, yanarudi, na trela linanisukuma kama ng'ombe aliyeona maji."

Orrin alikata simu. "Marlys, shida haiko kwenye trela wala kwenye waya wa Eloy. Moduli yenyewe, kile kisanduku kinachogawa nguvu ya breki, ndiyo inakosa umeme. Inakosa pale tu inapofanya kazi."

"Gari liliwaka asubuhi bila shida. Betri itakuwaje mbovu?"

"Dizeli hii ina betri mbili. Moja ikilegalega, nyingine inaliwasha."

Alipima kwenye moduli bila mzigo: volti kumi na mbili na nusu. Marlys aliinua mabega. Orrin akawasha ile taa: volti saba.

"Fundi akipima bila mzigo, mita inamdanganya," Orrin alisema. "Ni kama kumuuliza mtu aliyekaa kitini kama anaweza kubeba gunia."

Sasa akafuata waya hasi wa moduli mpaka mwisho wake, kwenye tamino ya betri ya kulia, ile nguzo fupi ya kufungia waya. Aliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha waya, nyingine kwenye tamino yenyewe. Hapo panatakiwa sifuri. Mita ilisema tano.

Aligusa nati kwa vidole viwili. Ikazunguka.

"Mtu kaifungua, kairudisha kwa mkono, hakukaza. Waya umegusa tu. Kwa taa ndogo unatosha. Kwa breki za trela la tani tano hautoshi."

"Eloy alikuwa na koleo," Marlys alisema.

"Tulia. Tazama betri." Orrin alifuta vumbi. Ya kushoto ilikuwa na tarehe ya mwezi wa pili mwaka huu. Ya kulia ilikuwa na umri wa miaka saba, na juu yake mabaki ya majani makavu. "Hizi nilimfungia Janelle mwenyewe mwezi wa tatu, mpya zote mbili, pacha. Moja imeibwa, ikawekwa kuukuu mahali pake."

Marlys alitazama majani yale, kisha akafungua tena daftari lake. Alisoma kimya. Orrin alimwona akisimama kwenye mstari mmoja.

"Bomba umelipasua saa ngapi?"

"Sasa hivi. Wewe ulikuwepo."

"Basi Clint aliiona vipi bendeji saa nne na nusu?"

Eloy alikaa juu ya tairi kuukuu.

Walimkuta Clint Overby saa tisa na robo, shambani kwake, mashine ya kufunga majani ikinguruma nyuma ya trekta na mawingu meusi yakipanda magharibi. Orrin hakumsalimia. Alifungua boneti ya trekta. Betri ilikuwa ya mwezi wa pili mwaka huu, pacha wa ile nyingine.

"Jirani," Orrin alisema, "hii ni yangu kwa kuuza, na ya Janelle kwa kununua. Yako kwa kitu gani?"

Clint alizima injini. Alikuwa mtu mkubwa, na ghafla alionekana mdogo.

"Bonde zima tunaazimana bila kuuliza, Orrin. Funguo zetu ziko ndani ya magari yetu. Umesahau?"

"Na bonde zima tunaacha karatasi ya maelezo kwenye siti. Karatasi yako iko wapi?"

"Mvua ilikuwa inakuja! Majani yote chini, trekta haliwaki. Nilikuwa bandani kwa Janelle Jumatatu, nikamwona Eloy anaunga waya. Alipoondoka nikabadilisha. Ningeirudisha Alhamisi, nani angejua? Waya ule mdogo nilisahau tu kuukaza, sikutaka mtu aumie, naapa!"

"Hilo nalikubali," Marlys alisema. "Lakini ulipoona trela mtaroni ulielewa. Ukanielekeza kwa mtu mwenye mtoto mchanga."

Clint aliinamisha kichwa. "Niliogopa. Na yeye si wa hapa, nikadhani..." Hakumaliza.

"Malizia mbele ya hakimu," Marlys alisema, akamfungulia mlango wa gari.

Gerejini, Eloy alifunguliwa pingu saa kumi na dakika ishirini. Alisugua vifundo vya mikono, akaomba simu ya Orrin, akabonyeza namba mara mbili kwa kukosea. Pilar alipopokea, Eloy alifunika uso kwa mkono. Mabega yalianza kutikisika.

Orrin alimpokonya simu.

"Shemeji, ni Orrin. Yuko hapa kwangu, yuko huru, hana jeraha. Analia kama mtoto wako. Pika, namleta."