Kompyuta ya Marehemu Fabian

Kila jioni Evarista aliwafungia kuku wake, akafunga geti, kisha akaketi mbele ya kompyuta ya marehemu mumewe. Majirani wa Ipagala walimwita Mama Henry. Lakini huyo Henry mwenyewe alikuwa Mwanza na familia yake. Simu yake ilikuja kwa nadra, tena ya haraka haraka.

Fabian, mumewe, alikuwa karani wa serikali na mwimbaji wa besi kanisani. Enzi za uhai wake alikuwa akijirekodi kwenye kompyuta hiyo akifanya mazoezi. Wimbo ulikatika katikati, akakohoa, akacheka, akaanza upya. Sasa Evarista alimsikiliza kwenye rekodi hizo huku akila. Nyumba nzima haikuwa na sauti nyingine ya mtu.

Mwaka 2006, kompyuta ile ikaanza kuugua. Kwanza ikawa nzito. Kisha ikawa inafungua vitu isivyoamriwa. Mwishowe ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, wala haifiki popote.

Evarista alikodi teksi akaipeleka kwa fundi, Majengo. Fundi aliichungulia, akatikisa kichwa.

"Mama, hii imejaa virusi. Dawa ni moja tu. Nafuta kila kitu, nakuwekea upya."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Kwani ndani kuna nini cha maana?"

Evarista aliivuta kompyuta upande wake. Utamwambiaje mtu usiyemjua kwamba ndani kuna kikohozi cha mumeo?

"Nirudishie kompyuta yangu," akasema.

Akairudisha nyumbani, akaifunika kitambaa. Jioni zikawa ndefu. Alikuwa akila amesimama jikoni, kwa kuwa mezani palikuwa kimya mno. Siku nyingine hakula.

Nyumba ya pili alikaa Zaitun, binti wa Kondoa aliyefundisha kompyuta chuoni. Walikuwa wakisalimiana tu, kila mtu na njia yake. Jumamosi moja Zaitun alisimama getini.

"Shikamoo, Mama Henry."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kwa kuuliza. Siku hizi simsikii baba akiimba."

Evarista alishika geti kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka. Kumbe palikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akimsikia Fabian!

Zaitun aliposikia habari yote, alikwenda kwake, akarudi na sidii moja na flashi.

"Mama, kompyuta ina mfumo unaoiamsha na kuzigawia programu nyingine kazi. Mfumo wako ndio mgonjwa. Ila sauti za baba zinakaa kwenye diski, huko ndani. Mfumo kuharibika si lazima na sauti ziwe zimeharibika."

"Sasa tutaingiaje, na haiwaki?"

"Tutaiamsha kwa mfumo mwingine. Huu unaitwa Linux. Unaweza kufanya kazi ukiwa kwenye sidii yake hii hii. Diski yako hatutaifuta, tutachungulia tu."

Zaitun akaiingiza sidii, wakasubiri. Sidii ilizunguka kwa kelele, na kioo kikajaa rangi. Zaitun akatafuta, akafungua. Nyimbo zilikuwepo! Evarista akajifunika uso kwa kanga.

"Usizicheze kwanza," alisema. "Nitoe hofu. Ziweke mahali salama."

"Umesema kweli, mama. Kabla ya kubadili mfumo wowote, tunatoa nakala." Zaitun akazinakili kwenye flashi, kisha akaenda kuzijaribu kwenye kompyuta yake. Aliporudi, alisema, "Zote zimefunguka."

Hapo tu ndipo walipozungumzia mfumo mpya.

"Ni wa bei gani?" Evarista aliuliza.

"Huu ni wa bure. Ni programu huria. Waliouandika wameruhusu kila mtu autumie, aunakili, ampe jirani, hata aurekebishe akijua. Si wizi."

"Na virusi?"

"Virusi vilivyoandikwa kwa mfumo wako wa zamani, huku kwa kawaida havifanyi kazi. Lakini sikudanganyi, hakuna mfumo usioingilika. Usifungue kila kitu unacholetewa. Na nakala zako uendelee kuzitoa."

"Nitauweza mimi?"

"Utaona vitu vimehama mahali pake. Utazoea. Ipo hata programu ya kuandikia iliyotafsiriwa Kiswahili."

Wakauweka. Printa ya Fabian iligoma, na Zaitun alisema wazi kwamba si kila kifaa cha zamani kinakubaliana na mfumo mpya. Wiki za mwanzo Evarista alipotea sana. Alipokwama, alimwita Zaitun. Zaitun naye alikaa, wakanywa chai, wakamsikiliza Fabian akikosea ubeti na kucheka.

Kabla mwaka haujaisha, Zaitun alihamishiwa kazi kwao Kondoa. Nyumba ya pili ikafungwa kufuli. Kompyuta ilipokwama tena, Evarista alichungulia dirishani kwa mazoea, akakuta giza. Akarudi, akakaa. Akaiamsha kwa sidii aliyoachiwa na Zaitun, kama alivyoonyeshwa. Akatoa nakala kwanza, kisha akaihangaikia mpaka ikatengemaa. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Lakini aliiweza.

Kanisani alimsikia mwanamke aitwaye Paskazia akilalamika. Kompyuta yake ilikuwa na picha za wanawe walio mbali, na fundi alitaka kuifuta. Evarista hakuwa na kawaida ya kuanza maongezi na watu. Siku hiyo alimgusa bega.

"Usikubali bado. Nina sidii. Nitakuja."

Akaenda Nzuguni, nyumbani kwa Paskazia. Akaketi mbele ya kompyuta ngeni, akaiingiza sidii.

"Kwanza tutoe nakala ya vilivyo vyako," alimwambia Paskazia. "Mengine baadaye. Na nikimaliza, sidii hii nitakuachia. Imeruhusiwa."

Picha zilipotokea moja moja, Paskazia alipiga vigelegele peke yake sebuleni. Kisha akamtazama mgeni wake.

"Dada, unakaa na nani huko Ipagala?"

"Peke yangu."

Paskazia aliingia jikoni, akabandika sufuria ya ugali, akaongeza maji.

"Mimi pia," alisema kutoka ndani. "Nawa mikono. Mlenda uko tayari."