Motokaa Iliyoachwa Ikinguruma Mnazi Mmoja

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Dar es Salaam hii hii, mkaazi wa Kariakoo. Sina mume, sina mtoto, wala ndugu wa tumbo moja. Wote hao nilikuwa nao... na wote waliniponyoka kwa sababu ya injini moja iliyoachwa ikinguruma barabarani bila mtu.

Wasomaji wenzangu, msinicheke. Najua wapo watakaosema, huyu mama naye, motokaa na uchungu wa uzazi vinahusiana nini? Ngojeni niwasimulie, kisha mcheke kama mtaweza.

Niliolewa bado msichana na Salum, dereva. Siku hizo madereva wenyeji walikuwa wachache mjini, na mke wa dereva alijiona. Nami nilijiona, nisiseme uongo! Akipita mtaani kwetu na motokaa ya tajiri wake, nilitoka barazani hata kama mchuzi unaungua, ili majirani waone ananipungia nani.

Tajiri wake alikuwa Bwana Seif, Mwarabu mwenye duka la mchele na tende karibu na soko. Motokaa yake ilikuwa na kiti mbele, na nyuma sehemu ya mizigo iliyofunikwa turubai.

Sasa jueni jambo moja. Motokaa za wakati ule hazikuwashwa kwa kidole. Dereva alishuka, akachomeka hendeli mbele ya injini, kile chuma kilichopindwa, akakizungusha mpaka shati lilowe jasho. Injini ikikasirika, hendeli ilirudi nyuma kwa kishindo. Dereva mmoja rafiki yake Salum alivunjika mkono hivyo hivyo.

Kwa hiyo madereva walikuwa na mtindo wao. Ukisimama kidogo kushusha gunia au kunywa kahawa, huzimi. Unaiacha inanguruma, unamwambia mtu aliye karibu, "Niangalizie," unakwenda zako.

Wezi nao hawakuwa wajinga. Motokaa zikaanza kuibwa. Serikali ikatoa amri, mbiu ikapigwa mpaka sokoni, kwamba dereva atakayeacha motokaa inanguruma bila mtu ndani yake atashtakiwa. Madereva wakacheka! Salum alirudi nyumbani akaniambia Mzungu aliyetunga sheria hiyo hajashika hendeli hata siku moja. Nikacheka naye. Tulikuwa vijana, nani angetuambia kitu?

Mungu alitupa mtoto mmoja tu, Mwanaidi. Alikuwa na miaka minne, mweupe wa meno, mwingi wa maneno. Jambo alilolipenda kuliko ubwabwa ni kupakiwa motokaa ya baba yake.

Na nilikuwa na mdogo wangu, Kassim. Mama yetu alipofariki nilimlea mimi, nikamwogesha, nikampeleka chuoni kusoma Kurani. Alipokuwa kijana Salum alimfundisha kuendesha, jioni jioni, Bwana Seif akiwa radhi. Kassim akaiva. Akaomba kazi. Bwana Seif akamjibu kwa upole kuwa motokaa ni moja na dereva ni mmoja, na dereva huyo ni shemeji yake. Kassim alicheka, akasema hakuna neno.

Hakuna neno... Ndivyo alivyosema!

Siku yenyewe niliamka na homa. Salum akaniambia nilale, atampeleka Mwanaidi kwa bibi yake, yaani mama mkwe wangu, kule Magomeni. Ila kwanza ashushe mzigo wa tajiri mjini, halafu ndipo waelekee huko. Asubuhi hiyo hendeli ilimtesa, nilimsikia akiilaani nje. Nikamtoa mtoto mpaka mlangoni, nimemvika kanga yangu mabegani kama mtu mzima. Akanipungia. Sikumpungia sana, kichwa kilikuwa kinaniuma.

Walishusha mzigo salama. Wakirudi, mtoto alisinzia nyuma juu ya magunia matupu, amejifunika kanga ile gubigubi. Walipofika Mnazi Mmoja wakakuta maziko yanapita.

Mnajua mila yetu. Jeneza likipita, mwanamume haliachi lipite hivi hivi. Anatia bega, anakwenda hatua chache, anampisha mwenzake, anapata thawabu zake. Salum hakuwahi kuliacha jeneza lipite, awe na haraka gani. Hata kama marehemu hamjui, na huyo hakumjua.

Akasimamisha motokaa pembeni. Akawaza kuzima. Akaikumbuka hendeli ya asubuhi... akaiacha inanguruma. Wa kumwambia "niangalizie" hakuwapo, kwa maana kila mwanamume alikuwa nyuma ya jeneza.

Hatua chache tu! Lakini jeneza huchukuliwa mbio mbio, na wale wa kumpokea walikuwa wameachwa nyuma. Akaenda nalo mbali kuliko alivyotaka, wala hakuthubutu kuliachia. Alipopata wa kumpisha akageuka. Pale alipoiacha motokaa palikuwa na vumbi tu.

Alikuja nyumbani mbio, hana kofia, kiatu kimoja mguuni.

"Mama Mwanaidi," alisema, "motokaa imeibwa."

Nikamwuliza, "Mtoto umemwacha kwa nani?"

Aliketi chini pale pale mlangoni, akajifunika uso kwa mikono yake. Wasomaji, homa ilinitoka saa ile ile! Sikumbuki nilivaa nini wala nilipita wapi, nakumbuka tu kwamba nilikuwa barabarani nikilia jina la mwanangu, na wauza samaki wameacha biashara zao wananitazama.

Watu walisema wameiona motokaa ikielekea Gerezani. Bwana Seif alifunga duka, akatoa watu wake wote wakatafute. Na aliyeiona wa kwanza ni nani? Kassim. Alikuja mbio kutuambia ipo Gerezani, nyuma ya karakana za reli, imefichwa kichakani. Tulikwenda wote. Motokaa ilikuwa nzima, imezimwa, turubai limefunguliwa. Kanga yangu ilikuwa juu ya magunia. Mtoto hakuwamo.

Tukatafuta Gerezani kote. Tulipekua vichaka, tulichungulia visima, tuliingia kwenye mabehewa mabovu, tuligonga nyumba kwa nyumba. Askari nao walikuja. Aliyekuwa mbele yetu siku zote ni Kassim. Aliita jina la Mwanaidi mpaka sauti ikamkauka. Wanawake waliniambia nina bahati ya ndugu. Nilimshika mkono, nikamwambia Mungu amlipe.

Mbiu ilipofika Magomeni mvua kubwa ilikuwa imeshanyesha. Na nani angeshughulika na Magomeni, wakati motokaa imeonekana Gerezani?

Salum alipelekwa mahakamani. Siyo kwa ajili ya mtoto, la! Kwa ajili ya injini. Nilikuwako, nimesimama nyuma na wanawake wenzangu. Hakimu akamwuliza kwa mkalimani kama aliiacha motokaa inanguruma. Akakubali. Akamwuliza tena, je, aliiacha bila mtu ndani yake?

"Hapana, bwana," Salum alisema. "Mwanangu alikuwamo."

Hata mkalimani alichelewa kulifasiri jibu lile. Kisha hakimu akatoza faini, akamnyang'anya leseni, wakaita kesi nyingine.

Mimi sikuweza kumtazama tena. Kila nilipomwona niliona jeneza la mtu asiyemjua likimshinda mtoto wake mwenyewe. Nikadai talaka, akanipa. Akawa mtu wa kutembea kwa miguu, Kisarawe, Bagamoyo, vijijini, akiuliza kila mlango kama wamemwona mtoto wa kike wa namna hii. Alifia huko huko Bagamoyo kwa homa. Waliomzika waliniletea salamu, kwamba mpaka mwisho alikuwa akisema, hatua chache tu, hatua chache tu...

Na kazi yake je? Bwana Seif alihitaji dereva. Kassim alikuwa anajua kuendesha, tena ndiye aliyeiona motokaa. Akapewa yeye. Nilifurahi! Nilisema angalau riziki imebaki nyumbani kwetu. Kila Idi aliniletea doti ya kanga mpya kabisa, akaniwekea mapajani, akaniita mama yake wa pili. Nilizivaa, wasomaji. Nilizivaa nikatoka nazo barazani.

Ila sikupona. Mpaka leo sijapona. Nikisikia motokaa imeachwa inanguruma mtaani, miguu inanipeleka yenyewe. Nafunua turubai, nachungulia nyuma ya kiti, napapasa magunia. Madereva wamenitukana, mmoja alinisukuma nikaanguka akidhani mimi ni mwizi. Watoto wa Kariakoo wamenipa jina, Bi Motokaa, na wananifuata nyuma wakinguruma kwa midomo. Siwakasirikii. Mmoja wao ana sauti kama ya Mwanaidi, huyo nampa kitumbua.

Mwaka jana Kassim aliugua kifua. Hakuwa ameoa, kwa hiyo nilimchukua kwangu. Nilimwuguza kama nilivyomlea. Alasiri moja nilikuwa nampa uji, akanishika mkono wenye kijiko.

"Dada," alisema, "ile motokaa niliichukua mimi."

Nilidhani ni homa inasema. Nikamwambia anyamaze, anywe uji.

"Nisikilize, dada. Nikifa nayo nitaungua."

Akanieleza yote. Siku ile alikuwa amesimama Mnazi Mmoja, akaiona motokaa inatikisika peke yake, shemeji yake yuko chini ya jeneza. Shetani akamwambia aichukue, aifiche, kisha ajifanye ameiona. Salum atafukuzwa, yeye atasifiwa, kazi itakuwa yake. Akaendesha kwenda kuificha vichakani, njia ya Magomeni. Hakujua kuna mtoto nyuma, naapa ninamwamini kwa hilo. Alipovuka daraja la Msimbazi, Mwanaidi akaamka.

Nikamwuliza kama alikuwa analia.

"Halii, anacheka," Kassim alisema. "Alinijua. Akaniita mjomba."

Ndipo hofu ikamshika. Mtoto akirudi atasema amepakiwa na mjomba! Akamteremsha kando ya njia, penye rundo la kokoto za barabara. Akageuza motokaa mbio kuileta Gerezani, akiwaza atarudi kwa miguu amchukue, akishapata la kusema. Aliporudi hakumkuta. Akaogopa jela. Akaja kutafuta pamoja nasi Gerezani, mahali ambapo alijua kabisa kwamba hayupo!

"Ulimwambia nini?" nikamwuliza. "Ulipomteremsha, ulimwambia nini mwanangu?"

Aligeukia ukutani.

"Nilimwambia, kaa hapa, usiende popote, mjomba anarudi sasa hivi."

Mungu wangu! Na mwanangu alikuwa mtoto wa kukaa akiambiwa kaa! Alikaa kwa muda gani pale? Jua lilimchoma? Aliona kiu? Maji ya Msimbazi yalimchukua mvua ilipokuja, au wapita njia wa bara walimhurumia wakamshika mkono? Mama mkwe wangu alikuwa mbele kidogo tu, kwenye njia ile ile, anatwanga mpunga na hana habari. Laiti Kassim angefumbua kinywa siku ile, tungemkuta!

Niliweka bakuli chini, nikatoka. Nilikwenda kwa miguu mpaka darajani, nikavuka. Kokoto hazipo siku nyingi. Nilikaa pale ardhini mpaka watu wakaanza kuniuliza kama ninaumwa, nikainuka nikarudi nyumbani. Uji ulikuwa umepoa. Nikaupasha moto nikamnywesha mdogo wangu, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini kingine. Hakufikisha wiki. Je, nimemsamehe? Mnaniuliza jambo ambalo najiuliza kila ninapotandika mkeka wa kusalia. Ulimi unasema ndiyo, moyo unakataa.

Salum nimemsamehe. Ningemwambia, lakini nitamwambia wapi?

Enyi madereva, nawaombeni, zimeni injini! Hata kama hendeli inawavunja mikono, zimeni. Hata kama ni jambo la kheri linalowaita, zimeni kwanza, mchukueni aliyemo ndani, ndipo mwende. Tuliicheka sheria ile kama vile ilitungwa ili kutusumbua tu. Leo nikimwona askari anamwandikia dereva kosa hilo, natamani nimkumbatie askari.

Nawe uliyefanya baya ukanyamaza, uko mahali fulani unasoma haya. Sema leo. Jela ina mlango wa kutokea. Usingoje mpaka uwe unanyweshwa uji.

Na ninyi mnaokaa njia ya Magomeni na zaidi ya hapo, kama siku hizo mliokota mtoto wa kike penye kokoto, sitawashtaki. Mmemlea, mmemlisha, ni mtoto wenu pia. Nataka nimwone tu. Ana alama ya kuungua kwenye kiganja cha kushoto, alishika kikaango cha vitumbua. Bado nakaa nyumba ile ile Kariakoo, sijahama makusudi, nimekataa hata kuolewa ili nisihame.

Na kama ni wewe mwenyewe unayesoma, Mwanaidi wangu, sasa u mwanamke mzima... Usikae tena hapo, mama. Inuka uje nyumbani. Mjomba harudi.