Nilimpokonya Mama Mdogo Kona ya Mbele

"Breki hataongoza Jumamosi! Hataongoza, Nesi, usinichoshe!"

Jamani, hiyo sauti ilikuwa ya mama mdogo. Na Breki ni mimi.

Nilikuwa nje ya mlango wa chumba chetu cha mazoezi, viatu mkononi, jasho la kazini hata halijakauka. Nikaganda.

"Lakini ulimwahidi," Nesi akasema.

"Najua nilichomwahidi."

"Amealika hadi bosi wake!"

"Nitakaa mbele mimi. Mwanzo mpaka mwisho. Asinisogelee mtu!"

"Basi mwambie ukweli."

"Mwambie, mwambie... Nikimwambia ndiyo itakuwaje? Niache kwanza."

Weee! Ukweli gani tena? Nilijijibu mwenyewe pale pale. Ukweli ni kwamba ananiona si lolote, na ile kona ya mbele anaitaka peke yake. Kikulacho kweli ki nguoni mwako!

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu. Alinichukua nikiwa na miaka tisa, akanilea kwa cherehani, akishona mapazia ya watu. Hakubahatika kuzaa. Mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi napiga pasi kwa dobi. Kola, mabega, mikono, kifua, lete nyingine. Siku nzima mvuke usoni.

Jioni tunacheza densi ya tumbo. Tuko wanawake wanne: Fundi, Nesi, mimi, na Mwalimu. Mwalimu anafundisha shule ya msingi, ana kiuno kipana na mdomo mpana zaidi.

Sasa msidhani tunakariri. Hatukariri! Muziki ukianza hakuna anayejua kinachofuata. Mmoja anasimama kona ya mbele kushoto, huyo ndiye kiongozi. Anainua mkono hivi, anageuza kidevu vile, sisi watatu nyuma tunaona ishara na kufuata papo hapo. Watazamaji wanaapa tumefanya mazoezi mwaka mzima.

Na uongozi ni wa kupokezana. Ukimpita kiongozi kwa kulia ukaingia kwenye kona, kona ni yako. Yeye anarudi nyuma anafuata. Hakuna kugombana jukwaani, hiyo ndiyo sheria yetu kubwa.

Tatizo langu mimi lilikuwa moja. Miondoko yote naijua. Kutetemesha nyonga naweza, kuzungusha kiuno naweza, kugeuka naweza. Shida iko katikati! Nikitoka mwondoko mmoja kwenda mwingine, nasimama. Nusu pigo tu la ngoma, lakini nasimama kabisa.

"Huyu mwenzetu ana breki kuliko lori!" Mwalimu akasema siku moja. Jina likaganda hapo hapo.

Mama mdogo hakucheka. Alinishikia bango mwaka mzima.

"Usimalize!" alikuwa anapiga kelele. "Nani kakwambia umalize? Kabla tetemeko halijaisha, uzito uwe umeshahamia mguu wa kushoto. Mkono utangulie. Huo mzunguko uanzie humo humo ndani ya tetemeko!"

"Nimeelewa, mama mdogo."

"Hujaelewa. Umesimama tena."

"Nusu sekunde tu!"

"Pasi ikisimama nusu sekunde shati linaungua. Wewe si ndiye mpiga pasi? Rudia!"

Na kilichoniuma zaidi... alikuwa ananifundisha huku amefumba macho! Yaani mimi nahangaika, natoka jasho, yeye ameketi kwenye stuli, macho amefumba kama anasikiliza taarifa ya habari. Nikisimama tu, anajua. "Umesimama." Nilikuwa naona ni dharau iliyopitiliza.

Halafu, mwaka wote huo, kona hatoi. Nesi akijaribu kumpita, anakaripiwa. Mwalimu akijaribu, anaambiwa arudi nyuma. Kupokezana kukafa. Aliniambia mimi tu, siku moja akiwa na furaha: "Wewe utaongoza kwenye onyesho la ukumbini. Nakuahidi."

Mimi huyu! Mtu ambaye maishani sijawahi kuwa mbele ya kitu chochote, hata foleni. Nikawaambia wote kazini. Bosi akasema atakuja na mke wake.

Sasa mnaelewa kwa nini nilipoyasikia yale maneno mlangoni nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto?

Usiku huo nikamuuliza mezani, macho kwa macho.

"Mama mdogo, Jumamosi naongoza?"

Akapapasa meza, akapata kikombe chake.

"Bado hujaiva."

"Uliniahidi!"

"Nilikuahidi ukiacha kusimama. Umeacha?"

"Nitaacha lini wakati hunipi nafasi?"

"Mwanangu, nivumilie kidogo."

"Sema tu hutaki kuachia! Unazeeka, unaona watu watamwangalia mwingine!"

Nilimwona midomo ikicheza, neno likaja mpaka mlangoni, akalimeza.

"Nitungie uzi kwenye sindano kabla hujalala," akasema.

Hilo tu! Eti nimtungie uzi! Siku hizi alikuwa ananituma kila kitu, hadi uzi. Nikatunga, nikaitupa sindano mezani, nikaenda kulala na njaa yangu.

Jumamosi ikafika.

Tulifika ukumbini asubuhi kuangalia jukwaa. Mbao zimepangwa juu ya vyuma, kimo cha kiuno, pembeni hakuna kitu cha kushika. Mama mdogo akavua viatu, akaanza kutembea juu yake taratibu, peku, kutoka kona kwenda nyuma, akirudi, akienda tena. Nikamnong'oneza Mwalimu: "Muone, anapima shamba lake."

Mwalimu akacheka. Nami nikacheka. Jamani, nilicheka!

Saa kumi jioni ukumbi ulijaa. Bosi wangu mstari wa pili. Wenzangu wa kwa dobi wanapiga miluzi kabla hata hatujapanda.

Muziki ukaanza.

Mama mdogo mbele, sisi nyuma. Nisidanganye, alikuwa anacheza yule mama! Kiuno kinatetemeka, mkono unapanda, na kabla hujajua, tetemeko limeshakuwa mzunguko, mzunguko umeshakuwa mawimbi ya tumbo. Huoni lilipoanza wala lilipoisha. Watu wameacha midomo wazi.

Wimbo wa pili ukaingia. Bosi akanyoosha shingo kunitafuta huko nyuma nilikofichwa.

Hapo roho ikanichafuka.

Nikasogea kulia. Nesi akaniona.

"Usifanye hivyo," akanong'ona huku anatabasamu kwa ajili ya watazamaji. "Breki, nakuomba, usifanye!"

Nikafanya.

Nikampita mama mdogo kwa kulia, sketi yangu ikagusa yake, nikaingia kwenye kona. Ukumbi ukalipuka kwa makofi! Sheria ni sheria. Ilibidi arudi nyuma.

Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, nyuma ya sikio langu:

"Usisimame basi, mwanangu. Nakuomba. Usisimame tu."

Mimi nikasikia masimango. Hata hapa? Hata mbele za watu?

Nikatetemesha nyonga. Nikainua mkono. Nikazungusha kiuno. Nyuma yangu miguu mitatu ya kushoto inatua pamoja na wangu, tap, tap, tap. Nilikuwa mbele! Watu wote wananitazama mimi!

Nikatoa ishara ya kugeuka. Mkono wa kulia juu, kidevu begani.

Na kati ya mzunguko na kugeuka... nikasimama.

Nusu pigo.

Nesi akaniona, akasimama. Mwalimu akaniona, akasimama. Ndivyo tunavyofanya, kiongozi akikosea tunakosea wote, watu wanadhani ndio mtindo.

Mama mdogo hakusimama.

Nilisikia visigino vyake vikigeuka peke yake. Hatua moja. Hatua ya pili. Kisha ya tatu.

"Fundi!!!" Nesi akapiga yowe.

Kishindo.

Nilipogeuka, nyuma palikuwa na watu wawili.

Alikuwa chini, sakafu ya saruji, mguu umekaa upande ambao mguu haukai. Nikaruka. Nikamshika kichwa. Akawa ananyoosha mkono hewani, anapapasa, wakati uso wangu uko shubiri moja kutoka kwake.

"Uko wapi?" akasema. "Mmeenda wapi wote?"

"Niko hapa! Mama mdogo, niko hapa!"

"Nilidhani mmeendelea..."

Nikamtazama macho. Yalikuwa wazi, yananitazama sikio.

Hospitali wakasema nyonga imevunjika vibaya. Wakamwingiza ndani. Nikabaki kwenye benchi na Nesi, bado tuna sketi za jukwaani, watu wanatushangaa.

"Mwaka wa pili huu," Nesi akaanza. "Presha ya macho. Ilianza kula pembeni. Sasa hivi hata katikati ni ukungu."

"Unasema nini wewe?"

"Haoni, Breki. Akiwa nyuma haoni ishara ya mtu yeyote. Ndiyo maana hakutoka kwenye kona. Kiongozi hahitaji kumwona mtu."

Nilihisi benchi linazama.

"Asubuhi ulimwona anatembea jukwaani," akaendelea. "Alikuwa anahesabu hatua. Akiwa kwenye kona anajua ukingo uko wapi. Ulipomrudisha nyuma, hakujua amesimama wapi."

"Kwa nini hukuniambia?!"

"Aliniapisha. Alisema ukijua utaacha kucheza, utabaki kumhurumia."

"Na ule ukali wote? Kila siku umesimama, umesimama?"

Nesi akafuta pua kwa mkono.

"Alikuwa anajifunza kukufuata kwa masikio. Nyayo zako, sketi yako, pumzi yako. Mimi na Mwalimu alishindwa kutufuata, nyayo zetu hazikuwa na sauti moja. Wewe tu ndiye alikuwa anakusikia vizuri, kwa sababu amekulea. Alisema akikufundisha usikate katikati, atakupa kona, na atacheza nyuma yako mpaka azeeke, hata giza likiingia lote. Ila ukisimama, anakupoteza. Ukisimama anabaki peke yake gizani."

Jamani... mimi sikulia. Nilitapika, pale pale, kwenye sakafu ya hospitali.

Kumbe macho alikuwa anafumba ili anisikie. Kumbe uzi hakuwa ananituma kwa uvivu. Nami nilimwambia usoni kwamba anazeeka.

Ni miezi saba sasa. Nyonga haikuunga sawa. Macho yamekwisha, daktari alisema kinachopotea kwa ugonjwa ule hakirudi, tusiuze hata kijiko kutafuta miujiza. Mwalimu alihama shule. Nesi anakuja Jumapili, anakaa, hatuna cha kuongea, anaondoka. Cherehani nimeifunika shuka.

Na mimi, mnajua nini? Nimeacha kusimama. Sijui hata ilitokea lini. Nilikuwa naanika nguo siku moja, redio ya jirani inacheza, mwili ukaanza wenyewe. Tetemeko likawa mzunguko, mzunguko ukawa kugeuka, sikusimama hata mara moja. Nilikaa chini kwenye ndoo nikalia mpaka jirani akazima redio.

Wengi mtaniandikia hapo chini kwamba hukujua, jisamehe. Asanteni. Lakini kuuliza ningeweza. Nilikuwa na mwaka mzima wa kuuliza, na mdomo ninao. Nilichagua jibu mwenyewe, nikachagua lile baya kuliko yote, na nikamhukumu kwa hilo. Kama kuna mtu wako anang'ang'ania mahali, usimwite mroho kwanza. Kaa naye, muulize anaogopa nini akitoka hapo. Muulize leo, akiwa bado amesimama.

Mtataka kujua kama alinisamehe.

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nikaweka muziki wetu kwa sauti ya chini, nikavaa sketi, nikasimama kando ya kitanda chake. Nikacheza. Wimbo mzima, peku, ili asikie nyayo. Sikukata hata pahali pamoja.

Ulipoisha, akageuza uso upande wangu.

"Hukusimama," akasema.

"Sikusimama, mama mdogo."

Akatafuta mkono wangu, akaushika. Vidole vyake vimekuwa vyepesi sana siku hizi.

"Nilishakusamehe, mwanangu, siku ile ile pale sakafuni," akasema. "Ila naomba kitu kimoja. Usicheze tena humu ndani. Nakusikia wimbo wote, mpaka mwisho, na miguu yangu haiji."

Nikavua sketi, nikaikunja. Nikaenda kumpikia uji.