Taa Niliyoizima Kwenye Pikapu ya Mume Wangu

Nina miaka thelathini na tisa. Ni fundi umeme wa magari hapa Nachingwea, na ninaishi peke yangu kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Zamani tulikuwa wawili...

Mume wangu, Hashimu, alikuwa na pikapu ya dizeli ya kubebea ufuta na korosho kutoka Ruangwa. Siku moja taa ya onyo iliwaka. Nikapima. Sensa inayohisi masizi kwenye moshi ilionyesha yamezidi, chujio la bomba la moshi limejaa. Lilitakiwa kufunguliwa na kusafishwa, na kifaa cha kazi hiyo sikuwa nacho. Nikiri kwamba nimeshindwa? Mimi, fundi niliyesifiwa hadi Ruangwa? Nikaichomoa ile sensa, nikaidanganya kompyuta ya gari, taa ikazimika.

"Imepona?" aliniuliza.

"Imepona kabisa."

Wiki ya tatu aliegesha juu ya majani makavu, shambani kwa mama yake kule Mandawa. Lile chujio lilikuwa limepata moto kupita kiasi... Majani yakashika. Pikapu iliteketea, na mikorosho aliyoiacha marehemu baba yake ikaungua yote!

Ndugu zake walisema ametupa kipande cha sigara. Hashimu aliapa kwamba aliacha kuvuta tangu tulipooana. Hakuna aliyemwamini. Kwenye kikao cha familia akanigeukia mbele ya wote.

"Mke wangu, waambie. Wewe unajua."

Nilijua... Nilijua kila kitu! Nikatazama mkeka, nikanyamaza.

Kesho yake asubuhi alifunga begi. Hakunitukana. Alisema tu kwamba maneno ya ndugu zake angeyavumilia, lakini ukimya wangu umemshinda. Na habari ya sensa alikuwa bado haijui!

Miezi minne baadaye nilikwenda Mandawa, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikasema yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Alikuja kuniaga," alisema. "Sikumfungulia mlango. Sasa nitampata wapi nimwombe radhi?"

Wengine wanasema alivuka kwenda Msumbiji. Simu yake haipatikani. Mpaka leo nikipika ugali nakosea kipimo, unabaki wa mtu wa pili...

Ndugu zangu wasomaji, ukikosea, sema siku ileile, hata kama sifa yako itaanguka. Usingoje mtu wako abebe kosa lako. Mimi nililinda jina la fundi. Ninalo bado, ila ndani ya nyumba hii hakuna wa kuniita.